Barua ya wazi: Wapeni lugha kwanza watoto mnaowataka wasome

Kwenu mnaopanga mitaala, mnaotunga mitihani, mnaoongoza vyuo vya ualimu na mnaogharimia utafiti wa elimu,

YAH: VIPINDI VYA KUSIKILIZA NA KUZUNGUMZA KWA WATOTO WANAOJIFUNZA KUSOMA KATIKA LUGHA YA PILI

Tunawaandikia tukiwa watu wa kuandaa walimu na kupima usomaji wa watoto wanaofundishwa kwa lugha wasiyoizungumza nyumbani. Ombi letu ni moja, na mengine yote tutakayoyasema hapa yanalitumikia hilo: kusikiliza na kuzungumza lugha ya shule kuwe na vipindi vyake, vitabu vyake na alama zake tangu wiki za mwanzo za darasa la kwanza, na vipindi hivyo visifutwe mtoto anapoanza kusoma maneno bila kukwama. Kwa ratiba nyingi tunazozijua, hapo ndipo vinapofutwa.

Someni kwanza sentensi hii: Mpuge alibufia vizeto vyake pembeni mwa kisuve. Sasa jibuni. Nani alibufia vizeto? Mpuge alibufia nini? Alivibufia wapi? Mmepata yote matatu, na hakuna kati yenu anayejua vizeto ni nini, kwa kuwa maneno hayo tumeyabuni. Viambishi na mpangilio wa sentensi vimewatosha. Mtoto aliyekwisha kuzoea umbo la sentensi za Kiswahili lakini hajui kuranda wala mbao hufanya vivyo hivyo akikutana na “Seremala aliranda mbao zake pembeni mwa karakana.” Anasoma kwa sauti nzuri, anachota jibu kwenye mstari, anapata alama zote na kupanda darasa. Maswali ya aina hiyo yamejaa vitabuni na kwenye karatasi za mitihani, ndiyo maana tatizo halionekani mapema. Hujitokeza miaka mitatu minne baadaye, pale somo la sayansi linapomtaka aeleze kwa nini maji yanachemka, na kwa wakati huo mwalimu hudhani ni uzembe.

Kielelezo cha kulielewa jambo hili kipo tangu mwaka 1986. Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la vitu viwili: kusimbua maneno yaliyoandikwa, yaani kuzigeuza herufi kuwa sauti na neno, na kuielewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Zao hapa ni la hesabu, la kuzidisha. Laiti ingekuwa kujumlisha, kimoja kingeweza kukifidia kingine. Tuchukue mfano wa mtoto anayesimbua kwa kiwango cha 0.9 lakini lugha anaielewa kwa 0.2. Ufahamu wake ni 0.18. Mkimfanyisha mazoezi ya herufi na silabi mwaka mzima hadi asimbue kwa 1.0 kamili, atafika 0.2 tu. Mkiuacha usimbuaji ulipo na kuipandisha lugha hadi 0.5, atafika 0.45. Namba hizo tumezitoa za kuonyesha njia tu, lakini njia yenyewe ndiyo hiyo, na ratiba nyingi za madarasa ya mwanzo zinatumia karibu muda wote kukipandisha kile ambacho tayari kiko juu.

Mapitio makubwa ya utafiti yaliyohaririwa na Diane August na Timothy Shanahan na kuchapishwa nchini Marekani mwaka 2006 yalifika huko huko. Watoto wanaosoma kwa lugha ya pili, wakifundishwa vizuri, huwakaribia wenzao wenye lugha hiyo katika kusoma maneno na kuyaandika kwa usahihi. Katika kuelewa matini, hubaki nyuma. Kwa hiyo hatusemi kwamba kufundisha herufi na sauti ni kosa. Kunafanya kazi, tena vizuri, na mtoto asiyefundishwa hayo waziwazi ataumia. Tunasema kwamba kazi hiyo peke yake ina kikomo, na watoto wengi wamekwisha kukifikia.

Mtajuaje ni wangapi? Kwa kipimo cha dakika kumi hivi kwa kila mtoto. Tutakieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo tunapoona upimaji mwingi ukipotea njia.

Andaeni vitu vitatu. Cha kwanza ni orodha ya maneno 20 ya kubuni yanayofuata kanuni za tahajia ya lugha husika, kama vizeto na kisuve, yasomwe kwa sauti. Maneno ya kubuni hayawezi kukaririwa, kwa hiyo yanaonyesha usimbuaji mtupu. Cha pili ni kifungu cha maneno 60 hadi 80 atakachosoma mtoto mwenyewe, na maswali matano. Cha tatu ni kifungu kingine cha ugumu ule ule, ambacho mpimaji atamsomea mara mbili kwa mwendo wa kawaida, na maswali matano. Kati ya maswali matano, mawili tu yawe ya kuchota jibu. Matatu yawe ya kuunganisha mambo: kwa nini alirudi, alijuaje, nini kingetokea kama. Nusu ya watoto wasome kifungu cha kwanza na kusikiliza cha pili, nusu wafanye kinyume, ili ugumu wa kifungu kimoja usije ukadhaniwa ni udhaifu wa watoto.

Halafu sharti ambalo huachwa mara nyingi: mtoto aruhusiwe kujibu kwa lugha yoyote aijuayo. Kuelewa lugha hutangulia kuizungumza, na mtoto mwenye haya ya kukosea matamshi atanyamaza ingawa ameelewa vizuri. Mkimlazimisha ajibu kwa lugha ya pili, mnapima vitu viwili na kuviandikia alama moja. Mpimaji asioneshe kwa mikono wala kwa uso anaposoma. Na watoto wa kupimwa wachaguliwe kutoka kwenye daftari la mahudhurio, kwa mfano kila jina la sita. Wasichaguliwe na mwalimu wa darasa, ambaye kwa nia njema kabisa atawaleta wale wanaosema.

Matokeo husomwa kwa kulinganisha. Anayesoma maneno ya kubuni vizuri lakini haelewi kifungu alichosomewa, upungufu wake ni lugha. Mazoezi zaidi ya silabi ni kumpotezea muda. Anayeelewa alichosomewa lakini hawezi kusoma, upungufu wake ni usimbuaji, na huyo ndiye wa kurudishwa kwenye herufi na sauti. Aliyekwama kote kuwili msomeeni kifungu kingine tofauti kwa lugha yake ya kwanza. Akikielewa, hana tatizo la akili wala la kusikia. Hajafundishwa tu lugha ya shule. Hatua hiyo ya mwisho huchukua dakika tatu, na inawaepusha watoto wengi na jina la “wazito” ambalo likishaandikwa kwenye faili hung’ang’ania.

Tuje kwenye kipindi chenyewe. Tunapendekeza dakika 30 kila siku, zenye mpangilio wa wiki nzima juu ya matini moja fupi ya maneno 100 hadi 150. Mwalimu huchagua maneno sita tu. Manne yawe yale yanayovuka masomo, kama vile badala ya, husababisha, linganisha, hatimaye. Mawili yawe ya mada ya wiki hiyo. Siku ya kwanza anasoma yeye, watoto wakiwa hawana kitabu mbele yao, na kila neno kati ya yale sita anapolifikia analieleza kwa maneno mepesi, kwa kitendo au kwa kitu halisi. Akiijua lugha ya watoto, sentensi moja ya lugha hiyo inaruhusiwa na inasaidia. Kuipiga marufuku hakujawahi kumfundisha mtu msamiati. Siku ya pili anasoma tena na kuuliza maswali ya kwa nini na vipi, watoto wakijibizana wawili wawili kabla ya kujibu mbele ya darasa. Siku ya tatu wanasimulia upya wakisaidiwa na vianzio vya sentensi vilivyoandikwa ubaoni: “Kabla ya…,” “Ingawa…, bado…,” “Hii ndiyo sababu…” Siku ya nne ndipo wanapewa matini waisome wenyewe, wakati kila neno lake limekwisha kuzoeleka masikioni. Siku ya tano wanaandika sentensi tatu au nne, na dakika kumi za mwisho zinarudia maneno ya wiki iliyopita na ya wiki nne zilizopita. Marudio ya namna hiyo, yenye nafasi katikati, hushinda marudio ya kushindilia siku moja. Hermann Ebbinghaus alilionyesha hilo tangu 1885, na bado miongozo mingi ya walimu inaliacha neno likishafundishwa mara moja.

Kwa nini wawili wawili? Darasa la watoto 60 wakizungumza mmoja mmoja kwa nusu saa, kila mmoja anapata nusu dakika, na hapo mwalimu mwenyewe hajasema hata neno. Wakizungumza wawili wawili kwa dakika tano tu, kila mmoja anapata dakika mbili na nusu. Darasa litakuwa na kelele. Wakaguzi waambiwe hivyo mapema, kwa maandishi, maana mwalimu anayeogopa kuandikiwa “hana nidhamu darasani” atarudi kwenye kuitikia kwa pamoja. Na kuitikia kwa pamoja ndiko kunakoharibu kipindi hiki kuliko kitu kingine: mwalimu anauliza “Mmeelewa?”, sauti 60 zinajibu “Ndiyooo”, na hajajua lolote juu ya hata mmoja wao.

Kuna pia suala la sauti, ambalo huchanganywa na tahajia. Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi r na l ataandika karamu mahali pa kalamu na kula mahali pa kura. Mwalimu anachora mstari mwekundu na kumpa imla tena, na tena, na kosa halitoki, kwa sababu kosa halimo mkononi. Masikio yake hayajafunzwa kuzitenga sauti hizo. Dawa yake ni dakika mbili tatu kila siku kwa mpangilio usiorukwa. Kwanza asikie jozi na kusema kama ni sawa au ni tofauti: kula, kura, kalamu, kalamu, mahali, mahari. Kisha asikie neno na kuonyesha picha yake. Kisha atamke. Kuandika kuje mwisho. Kwa dh, th na gh, na kwa ng ya ngoma dhidi ya ng’ ya ng’ombe, mpangilio ni huo huo. Walimu wengi nao lugha hiyo kwao ni ya pili na hawazitenganishi sauti hizo, na si haki kuwataka wafundishe kwa vinywa vyao jambo ambalo vyuo havikuwapa. Wapeni rekodi fupi za sauti, zinazochezeka kwenye simu ya kawaida bila intaneti.

Sasa vitabu. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation waliwapa wasomaji wa lugha ya pili hadithi moja yenye viwango mbalimbali vya maneno yasiyojulikana. Pale wasomaji walipojua asilimia 80 ya maneno, hakuna aliyeielewa vya kutosha. Hesabu yao ilionyesha kwamba ili mtu asome bila msaada anahitaji kujua asilimia 98 hivi, yaani neno geni moja katika kila maneno 50. Chukueni kitabu chochote cha kiada cha darasa ambalo lugha ya kufundishia hubadilika, fungueni ukurasa mmoja, na mhesabu ni maneno mangapi ambayo hayakutokea popote kwenye vitabu vya madarasa ya chini. Kazi hiyo haihitaji kamati. Programu ndogo ya kompyuta huifanya kwa vitabu vyote kwa muda mfupi, mradi wachapishaji watoe matini zao kwa umbo la kidijiti. Tunaomba iwe sharti la ithibati, yaani idhini ya kitabu kutumika shuleni: kila kitabu kipelekwe kikiwa na orodha ya maneno yake mapya, na kila neno jipya lirudi angalau mara kumi ndani ya kitabu hicho au kinachofuata. Neno linalotokea mara moja na kutoweka halikufundishwa.

Hata hivyo maneno sita kwa wiki, kwa wiki 30, ni 180 kwa mwaka. Hayo ni ya msingi, hayatoshi kubeba elimu ya sekondari. Sehemu kubwa ya msamiati hutokana na kusoma kwingi kwa vitabu vyepesi vinavyopendeza. Warwick Elley na Francis Mangubhai walilipima hilo katika shule za vijijini nchini Fiji na kuchapisha matokeo mwaka 1983: madarasa ya nne na ya tano yalipewa vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kila darasa, na watoto wakasonga mbele katika ufahamu wa kusoma na wa kusikiliza kwa kasi iliyokuwa kama maradufu ya kawaida. Siri ilikuwa wingi na wepesi wa vitabu, pamoja na kuvifungua kila siku. Vitabu vilivyofungiwa kabatini kwa hofu ya kuchanika havihesabiki. Katika bajeti wekeni fungu la vitabu kuchakaa, ili mwalimu mkuu asiwe na sababu ya kuvificha.

Kuhusu kusahihisha makosa ya mazungumzo tutasema kidogo, ila ni jambo ambalo mafunzo kazini yangeweza kulirekebisha kwa siku moja. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada mwaka 1997 wakakuta kwamba njia iliyotumiwa zaidi na walimu, asilimia 55 ya masahihisho yote, ilikuwa kuirudia sentensi ya mtoto kwa usahihi na kuendelea na somo. Ndiyo pia iliyowafanya wanafunzi waitikie masahihisho kwa uchache zaidi, asilimia 31. Mtoto anasema “Kitabu yangu imepotea,” mwalimu anasema “Aa, kitabu chako kimepotea,” na mtoto anasikia tu kwamba amekubaliwa. Njia ya kumrudishia mpira ilizaa zaidi: “Kitabu… kitabu nini?”, kisha kungoja kimya kwa sekunde tatu hadi tano. Kungoja huko ndiko kunakowashinda walimu wengi, na ndiko kwa kufanyiwa mazoezi.

Ninyi mnaoamua lugha ya kufundishia ibadilike lini, tunawaomba muufikirie muda. Kenji Hakuta na wenzake, katika uchunguzi wa mwaka 2000 huko California, walikadiria miaka mitatu hadi mitano ili mtoto aimudu lugha ya pili kwa mazungumzo, na minne hadi saba ili aimudu kwa masomo. Hao walikuwa watoto wanaoisikia lugha hiyo pia nje ya shule. Mradi wa Ife nchini Nigeria, ulioanza mwaka 1970, uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Watoto hao hawakuachwa nyuma kwa Kiingereza na wale waliobadilishiwa lugha baada ya miaka mitatu, na katika masomo mengine waliwazidi. Kubadilisha lugha baada ya miaka miwili au mitatu, tena kwa masomo yote siku moja, ni uamuzi ambao hatujaona utafiti unaoutetea. Kama hamwezi kuongeza miaka, basi badilisheni somo kwa somo, mkianza na yale yenye vitendo na vielelezo vingi, na kipindi cha lugha ya mazungumzo kiongezwe maradufu mwaka unaotangulia.

Liko pia suala la shabaha za kasi, maneno kadhaa kwa dakika, zinazonakiliwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Hawatanisomea ni neno moja katika Kiswahili, lenye silabi saba, ambalo ndani yake mna ukanushi, mtendaji, wakati ujao, mtendewa, mzizi, unyambuzi na irabu ya mwisho. Lugha nyingine hulitandaza jambo hilo hilo kwa maneno matano au sita. Mtoto anayesoma Kiswahili kwa maneno 40 kwa dakika anaweza kuwa amesoma silabi nyingi kuliko mwenzake wa maneno 60 katika lugha ya maneno mafupi. Mifumo ya tahajia nayo haifanani. Uchunguzi wa Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine wa mwaka 2003 uliolinganisha lugha 13 za Ulaya ulikuta kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza watoto wa Kifini walisoma karibu maneno yote kwa usahihi, na wale wa Kiingereza theluthi moja hivi. Shabaha na ratiba zipangwe kutokana na tahajia ya lugha yenyewe. Mwongozo uliotungwa kwa ajili ya tahajia ngumu ukiletwa kwenye tahajia nyepesi kama ya Kiswahili utawachelewesha watoto kwenye herufi kwa miezi. Ukifanya kinyume chake, utawaacha njiani.

Kwa mnaogharimia utafiti: miradi mingi mnayoilipia hupima kasi ya kusoma kwa sauti kwa sababu hupimika upesi na hupanda upesi, na ripoti ya mwisho inapendeza. Tunaomba kila mradi upime pia ufahamu wa kusikiliza, mwanzo na mwisho, na urudi kuwapima watoto wale wale mwaka mmoja baada ya fedha kwisha. Tunaomba pia data ghafi, bila majina ya watoto, iwekwe mahali ambapo vyuo vya ualimu vinaweza kuifikia.

Kabla hamjabadilisha mtaala wowote, hili linawezekana muhula ujao kwa walimu mlio nao. Chagueni shule 30, watoto kumi kwa kila shule, darasa la tatu, na muwapime kwa kipimo tulichokieleza. Ni watoto 300, wastani wa saa mbili za kazi kwa kila shule. Matokeo yatangazeni kwa safu mbili zisizojumlishwa, moja ya usimbuaji na moja ya kuelewa lugha iliyosomwa kwa sauti, na ratiba ya mwaka unaofuata ipangwe kwa kuiangalia ile safu ya pili.

Wenu katika kazi,

Wakufunzi wa walimu na watafiti wa ujifunzaji wa kusoma katika lugha ya pili